Namna ya Kutumia Neno "Muppet" katika Kiingereza cha Uingereza

Aliyejifunza Kiingereza vitabuni huweza kushtuka akimsikia Mwingereza akimwambia rafiki yake "You muppet!", kisha wote wawili wakacheka. Neno hili humtaja mtu aliyefanya jambo la kijinga ambalo angeliepuka kama angetulia kidogo. Asili yake ni vikaragosi vya Mmarekani Jim Henson, ambavyo kipindi chao cha televisheni, "The Muppet Show", kilirekodiwa Uingereza na kuonyeshwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1981. Vikaragosi hivyo hukurupuka, hugongana na kuvuruga shughuli pasipo nia mbaya, na sifa hiyo ndiyo iliyobaki ndani ya neno.

Kabla ya kulitumia, lipime kwanza kosa lenyewe. Tuseme rafiki amekuandikia barua pepe akisema ameambatisha picha, nawe huioni; unamjulisha, anaomba radhi, anatuma tena, na picha bado haimo. Hapo "You absolute muppet" inamfaa, kwa kuwa inagusa uzembe wa dakika ile tu, wala haisemi lolote kuhusu akili yake. Anayejifunza kazi mpya akakosea hastahili kuitwa hivyo hata kidogo.

Kisarufi, ni nomino ya kuhesabika: mmoja ni "a muppet", wengi ni "muppets". Uzito huongezwa kwa "total", "complete" au "right", na hili la mwisho lisikuchanganye, kwani hapa halina maana ya "sahihi" bali "hasa". Mgeni wa lugha aanze kwa kujisema mwenyewe, "I felt a right muppet", maana hakuna atakayeudhika.

Wapo wanaolitafsiri kuwa "mpumbavu", na naona wanakosea sana, kwa sababu hilo ni tusi zito linaloweza kuvunja urafiki, ilhali "bwege" au "zuzu", likisemwa kwa utani, linakaribia zaidi. Vilevile lisilinganishwe na "moron", neno ambalo mwanasaikolojia Henry Goddard alilibuni mwaka 1910 ili kuwaainisha watu aliowaona kuwa na upungufu wa akili. Kwa historia hiyo ya kudhalilisha, ningependa liachwe kabisa.

Hata hivyo, upole wa "muppet" hutegemea anayesema na anayeambiwa. Mkubwa wa kazi akimwita hivyo mfanyakazi mbele ya wenzake, utani hugeuka dharau, kwa kuwa anayeambiwa hawezi kumrudishia. Mashabiki wa mpira wanaomwita mwamuzi hivyo nao huwa wamekasirika kwelikweli. Katika barua rasmi halina nafasi, na katika ujumbe mfupi liandikie tu mtu anayekufahamu vizuri, kwa sababu hatasikia kicheko kilichomo katika sauti yako. Nchini Marekani wengi watadhani unavizungumzia vikaragosi vyenyewe, kwa hiyo huko ni afadhali kutumia "goofball", neno la utani la Kimarekani lenye maana inayokaribiana.