SOMO: Chemsha maharage mara moja, mle siku tatu

Habari za jioni wapendwa. Wengi mmeniuliza nawalishaje watu watano wakashiba na bado hela ya mboga inabaki, basi leo naweka somo zima, chukueni kalamu. Mwaka ule kazini kwa mume wangu walipunguzwa watu, tulibaki na biashara yangu ya genge tu, na ndo nikajifunza kwamba kwenye maharage kinachokula hela sana ni mkaa, maharage yenyewe yanafuata nyuma. Unanunua kilo unaona umeokoa, halafu unayachemsha masaa matatu na kesho unawasha tena jiko upya kwa bakuli moja. Nilikuwa namaliza makopo mawili ya mkaa kwa sufuria moja ya maharage, sasaivi kopo moja linatosha na linabaki la kuchemshia maji ya kuoga watoto.

MAHITAJI: maharage kilo 1, nazi 1, vitunguu 3, nyanya fungu moja, karoti 2, mchicha mafungu mawili, dagaa robo kilo, ndizi za kupika kama 8, ndimu, mafuta kidogo, chumvi. Unga wa dona na mchele nadhani kila mtu anavyo ndani.

Kwenye kuchagua maharage, usinunue kwa macho tu, ingiza mkono mpaka katikati ya gunia uone kama kuna vumbi la wadudu, na muulize muuzaji ni ya msimu huu au ya zamani. Ya zamani yanakuwa na ngozi imekufa rangi na hayaivi hata umlilie nani. Mimi napenda ya njano, yanaiva haraka kuliko yale mekundu makubwa.

HATUA YA 1. Usiku, chambua mawe, osha, loweka kwenye maji mengi, yapite maharage kwa vidole vinne maana yanavimba. Masaa 8 mpaka 12. Kwa joto la Dar usipitilize hapo, yanaanza kuchacha na kutoa povu.

HATUA YA 2. Asubuhi mwaga yale maji, usiyapikie. Suuza, weka maji mapya, bandika moto mkali. Hapa naomba mnisikilize vizuri jamani: yaache yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto. Maharage, hasa mekundu, yakiwa hayajaiva yana sumu inayotapisha na kuharisha, na inaondoka kwa mtokoto mkali, moto wa polepole peke yake hauitoi. Mtoto wangu wa pili alishatapika usiku kucha kwa maharage mabichi ya kwenye sherehe, sitaki mwingine apitie ile.

HATUA YA 3. Yakishatokota kama nusu saa na sufuria imejaa maji ya moto, funika vizuri, epua, izungushie khanga kuukuu halafu blanketi zito, weka ndani ya kapu au boksi, usifunguefungue. Baada ya masaa mawili au matatu unayakuta yamelainika bila kula mkaa hata kipande. Yarudishe jikoni yachemke tena mpaka yaive kabisa. Kipimo changu: chukua harage moja, libonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada, likisagika lote ni tayari, ukisikia kiini kama unga mkavu bado. Chumvi naweka hapa mwishoni. Nyanya na ndimu USIWEKE kabla hayajaiva, uchachu unayafanya yagome kulainika na mkaa unaungua bure.

Kilo moja kavu ikiiva inakuja kama kilo mbili na nusu hivi. Gawa mafungu matatu, la leo acha nje, mawili yaache yapoe haraka kwenye beseni la maji baridi halafu friji.

SIKU YA KWANZA, maharage ya nazi na wali. Kuna nazi, kamua tui zito pembeni, halafu ongeza maji kamua tui jepesi. Kaanga kitunguu, nyanya, karoti, weka maharage na tui jepesi yachemke yashikane, mwisho tui zito, na hapo koroga taratibu kwa kuinua na upawa bila kuacha mpaka lichemke, ukiliacha linakatika unapata mafuta juu na maji chini. Pembeni mchicha. Mchicha osha kwanza ndo ukate, ukikata kabla vitamini zinaenda na maji, na usiupike mpaka uwe kama kamba, dakika tano zinatosha.

SIKU YA PILI, kiburu. Hiki nimefundishwa na mama mkwe wangu, Mchaga wa Rombo, yeye hajawahi kuona maharage ya jana kama kiporo, kwake ni mtaji. Menya ndizi, chemsha na kitunguu na chumvi, zikikaribia kuiva mimina fungu la pili la maharage, zikiiva ponda kwa mwiko zichanganyike lakini vipande vibaki vibaki. Watoto wanakula bila kuulizia nyama, na ni sufuria moja tu, moto mmoja.

SIKU YA TATU, ugali wa dona, dagaa, na maharage yaliyobaki yameungwa mazito. Dagaa ndo wanaoharibiwa na wengi. Toa vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara tatu au nne, yale maji ya kwanza yanatoka meusi na chini ya beseni unapapasa unasikia mchanga kabisa kwenye vidole, endelea mpaka husikii. Wakauke, wakaange mpaka wanalia wakiguswa na mwiko, halafu kitunguu, nyanya, kamulia ndimu. Unamla dagaa na mifupa yake, kwaiyo watoto wanapata kalsiamu nyingi kwa hela ya robo kilo tu. Na dona chagueni kuliko sembe iliyokobolewa ikabaki nyeupe tu, kiini na pumba ndo vyenye virutubisho, ila nunueni kidogo kidogo maana inawahi kuvunda, na ikinuka ukungu mwaga, usimpe hata kuku.

Tena ugali na maharage haviliwi pamoja kwa mazoea tu. Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 20 na zaidi, na kile ambacho mahindi yanapungukiwa kwenye protini yake maharage yanacho. Madini ya chuma ya kwenye maharage mwili unayachukua vizuri ukila na kitu chenye vitamini C, ndo maana ndimu au chungwa pembeni, na chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya kula kwa sababu inayazuia.

MASWALI YENU

Swali (dada wa Dodoma): Mimi naloweka kabisa usiku kucha lakini maharage yangu hayaivi, nachemsha mpaka machozi. Nifanyeje?
Jibu: Pole dada yangu. Kama maharage ni ya mwaka huu basi angalia maji. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yanayagomesha, jaribu maji ya mvua au ya bomba uone. Magadi kidogo sana yanasaidia kulainisha lakini yanaua vitamini B1 na yakizidi ladha inakuwa ya sabuni, kwaiyo iwe njia ya mwisho.

Swali: Mi nina presha kuka, bado nifunge blanketi?
Jibu: Hapana, presha kuka inamaliza kazi. Yaliyolowekwa, dakika 20 mpaka 25 tangu ianze kupiga filimbi. Usijaze zaidi ya nusu, maharage yanatoa povu na maganda yanaziba kile kitundu cha mvuke, ni hatari.

Swali: Sina friji mama, hizo siku tatu nafanyaje?
Jibu: Basi usipike kilo, pika robo tatu ya kilo au nusu, mle mchana na usiku. Yakibaki yachemshe yatokote kabla ya kulala, funika, usichovye kijiko, asubuhi yatokote tena ndo mnywee chai. Usiyaweke nazi, ya nazi yanawahi kuchacha. Ukiona povu au harufu ya uchachu mwaga, mwanangu, hospitali ni ghali kuliko bakuli la maharage.

Swali: Yananijaza gesi mpaka naogopa kwenda kazini.
Jibu: Kuna sukari fulani kwenye maharage ambazo tumbo letu halizisagi, zinafika utumbo mpana zinachachuliwa kule ndo gesi. Sehemu yake inatoka na yale maji ya kulowekea, ndo maana nikasema mwaga. Anza na kidogo kila siku, tumbo linazoea.

Swali: Mwanangu ana miezi 8, naweza kumpa?
Jibu: Ndiyo, yaive sana, yaponde uyapitishe kwenye chujio maganda yabaki, bila chumvi, changanya na kiazi au ndizi. Dagaa waliooshwa vizuri wakaushe uwasage unga laini, kijiko kidogo kwenye uji. Mpe kitu kimoja kipya kwa siku mbili tatu umwangalie kwanza kabla hujaongeza kingine.

Swali (kaka wa Mbeya, anaishi mwenyewe): Kilo si itaniozea?
Jibu: Loweka vikombe viwili tu kaka, vitakutosha siku mbili. Huko kwenu kuna baridi na maharage mazuri yako mlangoni, we nunua ya msimu mpya, na lile blanketi funga mara mbili.