Simu inakatika mtu akipakia video: kupanga foleni kwenye ruta ya MikroTik

Wiki iliyopita niliitwa na kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Mwenye ofisi, mama wa makamo, alinidaka mlangoni: "Mwanangu, nalipia megabiti ishirini kila mwezi, mbona nikiongea na mteja WhatsApp sauti inakwaruza?" Nyuma yake kijana wa masoko alikuwa anapakia video za Serengeti. Ugonjwa nikaujua kabla sijakaa. Kasi ilikuwepo ya kutosha, ila pakiti ndogo za sauti (vipande vya data) zilikuwa zimekwama nyuma ya msururu wa video.

Hatua ya 1: Pima

Tumia waya. Wi-Fi itakudanganya. Kwenye dirisha la amri la Windows andika `ping -t 8.8.8.8`, uone jibu linachukua muda gani kurudi, kisha mtu apakie faili kubwa. Pale ofisini tulitoka milisekunde 14 tukafika 870. Kwako ikibaki palepale, shida yako si foleni, tafuta kwingine. Pima na kasi halisi mara tatu, mara moja iwe saa ya msongamano. Sisi tulipata megabiti 18.6 kupakua na 9.2 kupakia.

Hatua ya 2: Tengeneza aina ya foleni

Unahitaji RouterOS 7 (mfumo unaoendesha ruta za MikroTik), kwa sababu ndiyo yenye CAKE, aina ya foleni inayojigawia zamu yenyewe. Mimi huiita keki. Andika kwenye Terminal ya ruta:

`/queue type add name=keki kind=cake cake-nat=yes`

Utakutana na miongozo yenye mistari arobaini ya mangle (sheria za kuzitia pakiti alama), kila huduma na poti yake, yaani namba ya mlango wake. Achana nayo. Siku hizi sehemu kubwa ya mtandao inapita poti 443, utatenganisha nini na nini? Keki inagawa zamu kwa kila mazungumzo ya mtandao, kwa hiyo simu inapita bila wewe kuitaja popote. Na tafadhali usimfungie kila mfanyakazi megabiti moja moja. Jumamosi yuko mtu mmoja ofisini, anateseka huku laini imelala.

Hatua ya 3: Weka foleni yenyewe

`/queue simple add name=ofisi target=192.168.88.0/24 max-limit=8M/16M queue=keki/keki`

Target ni anwani za mashine za ofisini. Kwenye max-limit, namba ya kwanza ni kupakia, ya pili kupakua. Ukizigeuza utanilaumu bure.

Mbona 8 na 16 wakati laini inatoa zaidi? Foleni hujipanga mahali penye upenyo mwembamba. Usipopunguza, upenyo huo unakuwa kwenye modemu ya mtoa huduma, na kule huna sauti. Shusha kidogo, asilimia kumi hadi kumi na tano, ili foleni ije kwako. Upande wa kupakua, pakiti zimeshavuka laini zinapokufikia, kwa hiyo ruta inachoweza ni kuzichelewesha au kuzitupa chache mpaka mtumaji aliye mbali apunguze mwendo. Laini ya 4G inayopanda na kushuka haina namba nzuri. Chukua ile ya saa mbaya.

Hatua ya 4: Zima FastTrack

Hapa ndipo nilipoachwa na usingizi. Mara yangu ya kwanza, kwenye hosteli moja, niliweka foleni safi kabisa, halafu nikakaa hadi saa saba usiku natazama vihesabio vyake vikicheza kwenye kilobiti chache huku wanafunzi wanapakua filamu. Nilibadilisha aina ya foleni. Nikabadilisha waya. Nikafuta kila kitu nikaanza upya, na ndio nikajiharibia zaidi, kwa sababu mipangilio ya kiwandani ya ruta hizi inakuja na sheria ya FastTrack ikiwa imewashwa. Kazi yake ni kuharakisha pakiti kwa kuzirukisha hatua nyingi za ruta, na mojawapo ya hatua hizo ni simple queue, ile foleni tuliyoiweka hatua ya 3. Foleni ipo, magari yanapita barabara ya nyuma.

`/ip firewall filter disable [find action=fasttrack-connection]`

Usisherehekee bado. Miunganisho iliyokwisha kupewa njia ya mkato inaendelea nayo mpaka ife, kwa hiyo yule anayepakia video tangu asubuhi hataguswa. Washa ruta upya. Ukishaizima sheria, kabla ya kuwasha ruta upya, utaona pia kwenye orodha ya sheria za firewall mstari wa juu wenye herufi D bado upo. Ni kivuli tu, nao utaondoka ruta ikiwaka upya. Jambo jingine ni CPU: bila FastTrack ruta inafanya kazi zaidi. Kwa megabiti ishirini hata ndogo inamudu, ila kwenye laini ya mia kadhaa fungua System > Resources uangalie wakati mtandao umejaa. Ikigonga asilimia mia, nunua ruta kubwa, usirudishe FastTrack kimyakimya.

Na kama mtoa huduma anakupa IPv6 (anwani za mtandao za aina mpya), foleni ya anwani za 192.168 haiioni hata kidogo. Weka `target=bridge`, yaani mtandao wote wa ndani.

Hatua ya 5: Pima tena

Video zikiwa zinapakiwa, tulipata milisekunde 23. Yule mama alimpigia mteja wake wa Hamburg papo hapo, wakaongea dakika kumi na mbili, mimi nimeshika bisibisi nasubiri chai.