Kulinda Samaki wa Bwawa la Nyumbani dhidi ya Ndege, Kenge na Fisi Maji

Bwawa langu liko nyuma ya nyumba, Morogoro, lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, na ndani yake ninafuga sato. Mavuno ya kwanza hayakufikia hata nusu ya vifaranga niliopandikiza, na kwa muda niliwashuku vijana wa jirani, mpaka asubuhi moja nilipomwona mdiria mweusi na mweupe akielea hewani juu ya maji, mdomo ukielekea chini, kisha akajitupa kama jiwe na kuibuka na kifaranga, ambaye alimpigapiga juu ya tawi la mpera kabla ya kummeza. Alirudi mara tano kabla sijamaliza chai.

Hatua ya 1: Mtambue mwizi kabla ya kununua chochote

Kila mwindaji ana njia yake, na kinga inayomzuia mmoja haimzuii mwingine. Zunguka bwawa alfajiri, kabla mtu hajakanyaga tope. Magamba na kinyesi cheupe chini ya tawi au kigingi ni dalili ya mdiria. Nyayo zenye vidole vitatu virefu mbele, pamoja na samaki waliojeruhiwa ubavuni kana kwamba wamechomwa kwa msumari, ni za korongo. Nyayo zenye makucha, zilizo na mstari wa mkia uliokokotwa katikati, ni za kenge. Vichwa au vipande vya samaki vilivyoachwa ukingoni usiku, pamoja na kinyesi kilichojaa magamba, ni vya fisi maji, hasa ikiwa mto au kijito kiko karibu. Usipoona dalili yoyote, kagua kwanza bomba la kutolea maji, kwa sababu samaki wengi wanaosemwa wameliwa huwa wamejiendea zao na maji.

Hatua ya 2: Rekebisha kingo

Korongo haogelei, bali husimama kwenye maji mafupi na kungoja. Kwa hiyo ukingo unaoteremka polepole ni sawa na kumwekea kiti. Chimba ili maji yafikie kina cha sentimita 60 karibu kabisa na ukingo na mita moja au zaidi katikati, na udongo ukiwa wa kichanga, shikilia kuta kwa viroba vilivyojazwa mchanga ili zisiporomoke. Fyeka nyasi zote kwa upana wa mita mbili kuzunguka bwawa, kwani nyoka na kenge hawapendi kuvuka mahali peupe.

Hatua ya 3: Funika kwa wavu

Hii ndiyo kazi inayolipa kuliko zote, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Simika mirunda kila baada ya mita mbili kuzunguka bwawa, kisha vuta waya wa mabati kutoka mrunda hadi mrunda na mwingine wa kukatiza katikati, ili wavu usilale juu ya maji. Wavu unaogusa maji hauna faida, maana korongo huchoma samaki kupitia matundu yake. Acha nafasi ya angalau nusu mita, au zaidi kama unataka kuinama chini yake unapolisha.

Matundu ya sentimita 5 yanatosha kwa korongo na mnandi, yule ndege mweusi anayepiga mbizi kufuata samaki, lakini mdiria anahitaji matundu yasiyozidi sentimita 2.5. Chagua wavu wa nyuzi nene zilizosokotwa, zinazoonekana kwa mbali, na uepuke ule wa uzi mmoja mwembamba unaong'aa, kwa kuwa ndege hawauoni, hunasa na kufa humo, nawe utatumia asubuhi nzima ukiwanasua miguu kutoka kwenye uzi. Uvute mpaka ukaze kama ngozi ya ngoma, kisha teremsha pembeni mpaka chini na uuzike, kwa sababu korongo akikosa njia ya juu hutembea kwa miguu.

Hatua ya 4: Zungushia bati

Kwa kenge, wavu wa nyuzi ni ngazi tu. Zungusha bati laini lisilo na migongo, sentimita 30 ndani ya udongo na sentimita 60 juu, bila mti wala jiwe la kumsaidia kupanda. Palipo na fisi maji, ongeza nje yake uzio wa wavu wa chuma, uzikwe vilevile, kwani mnyama huyo huchimba na kupanda kwa ustadi. Usitege sumu kwa yeyote kati yao, kwani huyeyukia bwawani, na wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Hatua ya 5: Chuja maji yanayoingia

Lava wa kerengende hula vifaranga wachanga, na kambale mmoja wa mtoni aliyeingia akiwa mdogo humaliza kizazi kizima. Funga wavu wa dirishani kwenye mdomo wa bomba na uusafishe kila siku. Usitumie chandarua kilichotiwa dawa, hata kikiwa kikuukuu, kwa maana dawa inayoua mbu humo ni kali mno kwa samaki. Jaza bwawa karibu na siku ya kupandikiza, ili kerengende wasipate wiki kadhaa za kutaga kabla samaki hawajaingia.

Hatua ya 6: Wape maficho na kagua

Laza chini vipande vya bomba la plastiki la inchi 4, vyenye urefu wa mita moja, wapate pa kukimbilia. Kila Jumamosi, na baada ya kila mvua yenye upepo, mimi hupitisha mkono kwenye wavu wote kuanzia kona ya mpera, na nikikuta pengo linalopitisha ngumi nalishona siku hiyo hiyo. Tawi lile nililikata.