Namna ya Kuwa Mpiga Kinanda wa Soul wa Kukodiwa Studio, Ukianzia Kisumu

Mpiga kinanda wa kukodiwa ni yule anayeitwa studio kwa saa chache, akatia sauti zake katika wimbo wa mtu mwingine, akalipwa na kwenda zake. Kijana wa Kisumu aliyelelewa kwenye kwaya ana msingi wa kazi hii kuliko anavyodhani, kwa kuwa soul, muziki wa Wamarekani weusi, ilizaliwa kanisani. Billy Preston, aliyewapigia Beatles kinanda cha umeme mwaka 1969 hata jina lake likaandikwa pamoja na lao kwenye santuri ya "Get Back", alikuwa akipiga ogani makanisani Los Angeles tangu utotoni.

Anza na sikio. Kwaya nyingi za magharibi mwa Kenya hufundishwa nyimbo kwa solfa, yaani do, re, mi, na hiyo solfa ndiyo itakayokufaa pale mwimbaji atakaposema kwamba sauti imempanda mno na anataka wimbo ushushwe. Wapigaji wa studio za Nashville, Marekani, huandika kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa nambari kwa sababu iyo hiyo: moja, nne na tano hazibadiliki hata ufunguo ukibadilika, sawa na do, fa na so. Chukua wimbo mmoja wa kitabu cha kanisani, uupige katika funguo zote 12, wala usikiguse kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, kwani kimewadumaza wapigaji wengi wenye vipaji.

Jambo gumu zaidi, na ndilo ninalokusihi ulitilie maanani, ni kupunguza. Aliyezoea kuongoza ibada peke yake hujaza kila pengo kwa mikono miwili. Akifika studio, mkono wa kushoto hugombana na besi na wa kulia humfunika mwimbaji. Mwachie mpiga besi noti ya msingi. Kwa kordi ya C7, piga E na B-flati tu, karibu na C ya katikati. Wimbo ukienda F7, shusha vidole vyote viwili nusu toni, upate E-flati na A. Mkono haukusogea popote, lakini kordi imebadilika na kila msikilizaji amesikia.

Mwezi Januari 1967, huko Muscle Shoals, Alabama, mwimbaji wa soul Aretha Franklin alikuwa akirekodi kwa mara ya kwanza chini ya kampuni ya santuri ya Atlantic, na wanamuziki hawakuwa wamepata namna ya kuushika wimbo. Mpiga kinanda Spooner Oldham akapata kipande kifupi kwenye Wurlitzer yake, aina ya piano ya umeme, wenzake wakamfuata, na kazi ikaenda. Aretha mwenyewe alikuwa mpiga piano hodari, kwa hiyo Oldham hakuhitajika kuonyesha ufundi wa vidole. Wimbo ulihitaji pa kuanzia, akapatafuta.

Hapa kwetu hutaitwa kupiga soul peke yake. Utaitwa kwa injili, benga na ohangla, na katika zote utahitaji kuzijua vizuri sauti tatu: Rhodes, ambayo nayo ni piano ya umeme, Wurlitzer na ogani ya Hammond. Kwenye ogani, vuta hadi mwisho vijiti vitatu vya kwanza kati ya vile tisa, sita vilivyobaki uviache ndani. Kisha spika ya Leslie, au kitufe kinachoiiga, izunguke polepole katika ubeti na iharakishwe kiitikio kinapokaribia.

Kuhusu malipo, patana kabla ya kufungua mfuko wa kinanda, na mapatano yaandikwe: kiasi cha fedha, idadi ya nyimbo, na namna jina lako litakavyotajwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mpigaji kuwa mwenye haki katika alichopiga, mbali na haki za mtunzi. Kwa sababu hiyo, weka nakala ya kila mapatano, na uandike tarehe, studio, jina la wimbo na chombo ulichopiga siku hiyo hiyo.