Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilisha Boksi la Stelingi kwenye Gari-nyumba la Zamani

Gari-nyumba lenye umri wa miaka arobaini au zaidi linapoanza kuyumba barabarani, likimlazimisha dereva kurekebisha usukani kila mara hata pale njia inaponyooka, lawama za kwanza huangukia boksi la stelingi, yaani kisanduku cha chuma chenye gia kinachogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kukata magurudumu. Mara nyingi lawama hizo ni za haki, lakini si mara zote. Kwa kuwa kazi ya kulibadilisha ni nzito, hufanyika mtu akiwa amelala chini ya gari, na inagusa kifaa kinachobeba uhai wa wote waliomo, jambo la kwanza ni kuthibitisha kwamba kosa ni la boksi kweli.

Uthibitisho huo hauhitaji vifaa vya gharama. Unahitaji watu wawili, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare, breki ya mkono imekazwa na kabari zimewekwa mbele na nyuma ya matairi. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva na kuchezesha usukani taratibu kushoto na kulia, kiasi kidogo tu, na kama stelingi ni ya kusaidiwa na pampu, injini iwe inanguruma. Mwingine anaangalia kutoka chini, akijiweka mbali na feni na mikanda, na kufuatilia mwendo kiungo kwa kiungo kuanzia juu. Kwanza atazame kiungo cha mpira kinachounganisha shafti ya usukani na boksi, maana mpira huo hupasuka kwa uzee na ulegevu wake hufanana kabisa na ulegevu wa boksi. Kisha atazame shafti inayoingia kwenye boksi na mkono wa pitimani unaotoka chini yake, yaani mkono wa chuma unaopeleka mwendo wa boksi kwenye magurudumu. Ikiwa shafti ya juu inazunguka ilhali mkono wa pitimani umetulia, boksi limechakaa. Ikiwa mkono unatikisika papo hapo lakini gurudumu linachelewa, tatizo liko mbele zaidi, kwenye tairodi, yaani vyuma virefu vinavyosukuma na kuvuta magurudumu, au kwenye mikono mingine ya kuunganishia. Na ikiwa boksi lenyewe linasogea juu ya chasisi, hapo bolti zimelegea au, jambo baya zaidi, chuma cha chasisi kimepasuka kuzunguka matundu ya bolti. Niliwahi kushuhudia boksi jipya likifungwa kwa jasho la siku mbili, kisha gari likaendelea kuyumba kama zamani kwa sababu kiungo cha mpira kilichokuwa kimelika hakikuguswa. Tangu siku hiyo sikubali spana ishikwe kabla ya ukaguzi huu kukamilika.

Kuvuja kwa mafuta peke yake si sababu ya kutupa boksi, kwa kuwa sili, yaani mpira wa kuzuia mafuta, ya shafti ya chini inayoshika mkono wa pitimani, kwenye maboksi mengi hubadilishwa bila kuondoa boksi garini. Vilevile lipo shauri ambalo wengi hulipata, nalo ni kukaza skrubu ya marekebisho iliyo juu ya boksi hadi ulegevu utoweke. Ili kuelewa hatari yake, ni vyema kujua kilichomo ndani: usukani huzungusha skrubu ndefu, na juu ya skrubu hiyo hupanda na kushuka nati kubwa inayotembea juu ya gololi za chuma, kisha meno yaliyo ubavuni mwa nati hiyo huzungusha shafti inayoshika mkono wa pitimani. Meno hayo yameundwa yabanane zaidi usukani unapokuwa katikati, na ni hapo hapo yanapochakaa kwanza, kwa sababu gari hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likienda moja kwa moja. Anayekaza skrubu mpaka ulegevu wa katikati uishe huyafanya meno ambayo bado ni mazima yakwame pembeni, na usukani hukataa kurudi wenyewe baada ya kona. Marekebisho madogo yanayofuata kitabu cha ufundi yanaruhusiwa. Zaidi ya hapo, boksi libadilishwe.

Boksi likishathibitika kuwa ndilo lenye kosa, huja suala la kupata lililo sahihi, na hapa gari-nyumba lina utata wake. Mengi ya magari haya hayakutengenezwa na kampuni moja kutoka chini hadi juu; mjenzi wa nyumba alinunua chasisi ya lori kutoka kwa mtengenezaji mwingine, kwa mfano P30 ya Chevrolet, akajenga juu yake. Kwa hiyo mwaka wa nyumba unaweza kutofautiana na mwaka wa chasisi, na anayeagiza kipuri kwa kutaja jina lililoandikwa ubavuni anaweza kuletewa kitu kisichoingia. Hata pale gari lilipojengwa lote na kampuni moja, kama GMC Motorhome ya mwaka 1973 hadi 1978, si ajabu mmiliki wa zamani kuwa alishabadilisha boksi la awali. Namba ya chasisi na namba zilizochongwa kwenye boksi lenyewe ndizo za kufuata.

Boksi jipya au lililokarabatiwa likifika, lisiaminiwe kwa sura. Liwekwe kando ya la zamani, au walau kando ya picha na vipimo vyake, na vilinganishwe idadi na nafasi za matundu ya bolti, unene na meno ya shafti ya juu, unene wa shafti ya chini, na aina ya nyuzi kwenye matundu ya hosi, kwa maana vipimo vya inchi na vya milimita hukaribiana vya kutosha kudanganya jicho lakini havikubaliani vinapokazwa. Kisha lizungushwe kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho: mwendo uwe laini bila mkwaruzo, idadi ya mizunguko ilingane na ya zamani, na shafti ya chini ielekee upande ule ule. Hoja hii ya mwisho naisisitiza kwa nguvu zangu zote. Yapo maboksi yanayofanana kama pacha lakini mkono wake husogea kinyume, na gari litakalofungwa boksi hilo litakata kulia dereva anapotaka kushoto. Boksi la zamani lisirudishwe kwa muuzaji kabla ulinganisho huu haujamalizika.

Mahali pa kazi pawe pagumu na tambarare. Gari-nyumba la ukubwa wa kati huweza kufikia tani tano, hivyo jeki na stendi za gari dogo hazifai kabisa. Stendi zichaguliwe kwa uzito halisi wa ekseli ya mbele na ziwekwe chini ya chasisi au ekseli, wala si chini ya sakafu ya nyumba. Matangi ya maji yamwagwe, mitungi ya gesi ifungwe, na vitu vilivyo kabatini vishushwe, kwa kuwa gari linapoinuliwa upande mmoja uzito huo wote huhama. Magari yenye mifuko ya hewa badala ya springi yanahitaji tahadhari ya ziada: hewa huvuja taratibu na gari hushuka bila sauti, kwa hiyo mtu asilale chini yake hadi chasisi iwe imekaa juu ya stendi za chuma. Boksi lenyewe ni zito kulishusha kwa mikono ya mtu aliyelala chali, basi msaidizi au jeki ya pili iwe tayari.

Bolti za miaka mingi zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu siku mbili au tatu kabla. Zinunuliwe bolti mpya za ugumu ule ule, nati mpya na spliti-pini mpya (vipini vya waya vinavyokunjwa ili nati isilegee), kwa sababu kipini kilichokunjwa mara moja hakistahili kukunjwa tena. Mkono wa pitimani ndio unaowashinda wengi. Nati yake kwenye maboksi mengi ya aina hii hukazwa kwa zaidi ya nyutoni-mita 200, na mkono wenyewe hung'ang'ania meno ya shafti kiasi kwamba pula imara, yaani kifaa cha kuvutia vipuri vilivyokwama, ni lazima. Asitokee mtu wa kuuchoma kwa moto, kwani ni chuma kilichofuliwa na joto hupunguza ugumu wake. Kabla ya kuutoa, alama ichorwe ikipita juu ya mkono na shafti kwa pamoja, na picha zipigwe kutoka pande zote.

Kutafuta katikati ni jambo la kupangwa mapema. Magurudumu yanyooshwe mbele na usukani ufungwe kwa kamba usizunguke boksi likiwa nje. Boksi jipya lizungushwe hadi mwisho wa upande mmoja, mizunguko ihesabiwe hadi mwisho wa pili, kisha lirudishwe nusu ya hesabu hiyo, na hapo ndipo lifungwe. Ikiwa baada ya kufunga usukani utaonekana umepinda kidogo, kosa lirekebishwe kwenye mikono ya tairodi. Kung'oa usukani na kuuhamisha jino moja huficha tu ukweli kwamba boksi haliko katikati gari linapokwenda moja kwa moja.

Boksi lililokufa huacha unga wa chuma ndani ya mafuta. Pampu, tangi lake na hosi visafishwe kabisa, na hosi zilizovimba au kupasuka zibadilishwe, la sivyo uchafu huo utakula boksi jipya. Mafuta yawe yale yanayotajwa na kitabu cha chasisi, na yawepo ya ziada. Hewa iliyonaswa ndani ya mafuta hutolewa magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa na injini imezimwa, kwa kuzungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara nyingi huku tangi likijazwa kila mafuta yanapopungua. Injini ikiwashwa mapema, mafuta hugeuka povu.

Siku mbili tulivu zitengwe, na safari yoyote iliyokaribia iahirishwe. Miadi ya alaimenti, yaani kupanga upya mwelekeo wa magurudumu, iwekwe mapema, na pawe na uwanja au njia isiyo na magari kwa majaribio ya mwendo mdogo, pamoja na spana ya kupimia mkazo itakayotumika tena mara gari linaporudi. Kopo dogo la rangi nyeupe pia linafaa kuwekwa kando: mstari mwembamba ukichorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoishika, nati itakayojaribu kulegea itaonekana kwa kuchungulia tu chini ya gari.