Mfundishe mtoto kuuliza "umejuaje?"

Walimu na wazazi wenzangu wa Moshi, wale wa darasa la pili na la tatu msisubiri hadi wafike sekondari ndo muwafundishe kutafuta habari, wanaweza kabisa sasa hivi, anzeni na kitu wanachokiona dirishani, mlima wetu. Waulize tu, Kilimanjaro ina urefu gani? Usiwape jibu, waache wakatafute, mmoja aangalie kitabu cha shule, mwingine amuulize babu au mtu anayepandisha wageni, mwingine aombe simu ya mama agoogle akiwa naye pembeni. Kila mtoto achore mstari katikati ya ukurasa, kushoto aandike alichopata, kulia aandike kakitoa wapi, hata kama ni "babu" tu inatosha.

Utamu unaanza wakirudi, maana wengi watakuja na mita 5,895 ila kuna atakayekuja na 5,892 na hapo darasa linawaka, kila mtu anamwambia mwenzie kakosea. Usiwakatishe jamani! Ndo uwaeleze kwamba ile 5,895 ni ya vipimo vya zamani vya 1952, hiyo nyingine ilipimwa 1999 kwa GPS, ndo maana hazifanani. Mtoto akishaona hivyo, ukimwambia kitu kesho anakuuliza mwenyewe, mwalimu hiyo ni ya lini? Akikuuliza usimkaripie tafadhali, fungueni kitabu mtafute wote.