Namna ya kuendesha shughuli za masoko wakati mnunuzi ndiye mwenye sauti

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyokwishatumika. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapoijua hali halisi ya gari na mnunuzi haijui, mnunuzi hukataa kulipia ubora asioweza kuuthibitisha, wenye magari mazuri hujitoa sokoni, na yanayobaki ni mabovu. Kwa muda mrefu chapa kubwa zilistawi kwa sababu ya hali hiyo: jina lililotangazwa kwa gharama kubwa miaka nenda miaka rudi lilimpa mnunuzi sababu ya kuamini kitu ambacho hakuwa na namna ya kukichunguza. Intaneti imempa namna hiyo. Amazon ilianza kuwaruhusu wateja kuandika maoni kuhusu bidhaa mwaka 1995, TripAdvisor, tovuti ya maoni kuhusu hoteli na safari, ikaanzishwa mwaka 2000, na Yelp, ya maoni kuhusu migahawa na biashara nyingine, mwaka 2004, na leo watu wengi hununua wakiwa wamekwisha kusoma maneno ya waliowatangulia.

Mtafiti Michael Luca, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, aliupima uzito wa badiliko hili katika utafiti alioutoa mwaka 2011 kuhusu migahawa ya jiji la Seattle. Aliona kwamba nyota moja zaidi katika alama ambazo wateja huupa mgahawa kwenye Yelp huongeza mapato yake kwa asilimia 5 hadi 9, lakini faida hiyo huipata migahawa inayojitegemea tu, wala si ile ya makampuni yenye matawi mengi, ambayo ilipoteza sehemu ya soko kadiri matumizi ya Yelp yalivyoenea. Maoni ya wateja, kwa maneno mengine, yanaifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na jina kubwa. Anayesimamia masoko hana budi kupunguza muda anaoutumia kutunga sifa za bidhaa, akauelekeza kwenye kusikiliza na kurekebisha.

Anza kwa kusoma

Kabla ya kupanga kampeni yoyote, itafute bidhaa yako mtandaoni kama mnunuzi mwenye mashaka anavyoitafuta. Tumia simu ambayo haijaingizwa kwenye akaunti ya kampuni, andika jina la bidhaa pamoja na maneno kama "matatizo", "inadumu" au "kurudishiwa fedha", kisha usome yote yanayojitokeza, yakiwemo majadiliano ya makundi na video ambazo kampuni haikuzitengeneza. Fanya hivyo pia kwa bidhaa za washindani wako, kwa kuwa mnunuzi naye atazilinganisha.

Malalamiko utakayoyakuta yagawe katika mafungu matatu: yale yanayotokana na bidhaa yenyewe, yale yanayotokana na huduma kama vile ucheleweshaji wa mizigo, na yale yanayotokana na ahadi ya tangazo. Fungu la tatu ndilo ningekusihi ulitazame kwa makini kuliko yote, kwa sababu ni kosa la idara ya masoko yenyewe na laweza kurekebishwa leo. Mteja anayeandika kwamba kitu "si kama kilivyotangazwa" huenda amepokea bidhaa nzima kabisa, ila picha ilikionyesha kikubwa kuliko kilivyo, au tangazo lilikisifu kwa kazi ambayo hakikutengenezwa kuifanya. Ondoa ahadi hiyo. Kisha andika wazi, kwenye ukurasa ule ule wa kuuzia, mambo ambayo bidhaa haiwezi kuyafanya na watu ambao haiwafai. Mauzo machache yatapungua, lakini yanayopungua ni yale ambayo yangezaa malalamiko, kurudishwa kwa bidhaa na maoni mabaya yatakayosomwa kwa miaka.

Mafungu mawili ya kwanza yapeleke kwa wanaohusika na uzalishaji na usafirishaji, ukinukuu maneno ya wateja kama yalivyo, bila kuyalainisha, na uombe tarehe ya marekebisho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; siku hizi kibaya kinapojitembeza, sifa yake mbaya hutangulia kufika.

Kuomba maoni na kuyajibu

Maoni yanayoandikwa bila mtu kuombwa hutoka zaidi kwa waliofurahi sana na waliokasirika sana, huku walio wengi, walioridhika kwa kiasi, wakinyamaza. Dawa yake ni kumwomba kila mnunuzi, baada ya muda wa kutosha kukitumia alichonunua, aandike alichokiona, kwa ujumbe mfupi wenye kiungo kimoja tu. Usiwachague wale unaodhani watasifu, na usilipie sifa. Zaidi ya kuwa ni udanganyifu, jambo hilo lina hatari za kisheria: nchini Marekani kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo ilianza kutumika Oktoba 2024, na sheria ya mwaka 2016 ilikwisha kubatilisha mikataba inayomzuia mteja kutoa maoni yake ya kweli. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, muuzaji anayeonyesha maoni ya wateja hutakiwa kueleza kama anahakikisha, na kwa njia gani, kwamba yametoka kwa watu walioitumia au kuinunua bidhaa kweli.

Wala usiogope maoni yenye kasoro. Utafiti wa kituo cha Spiegel cha Chuo Kikuu cha Northwestern ulionyesha kwamba uwezekano wa mtu kununua hufikia kilele bidhaa inapokuwa na wastani wa kati ya nyota 4.0 na 4.7, kisha hupungua wastani unapokaribia 5, kwani ukamilifu huo humtia msomaji shaka.

Jibu maoni, na kwanza yale mabaya. Davide Proserpio na Georgios Zervas, katika utafiti wao wa mwaka 2017, waliona kwamba hoteli zilizoanza kuwajibu wageni katika TripAdvisor zilipata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12 na wastani wao ukapanda kwa nyota 0.12. Waliona pia kwamba maoni mabaya yalipungua idadi lakini yakawa marefu zaidi, kana kwamba mlalamikaji akijua atasomwa na mwenye hoteli huona afadhali aeleze kwa kina au anyamaze.

Unapoandika jibu, kumbuka kwamba msomaji wake mkuu ni yule ambaye bado hajanunua. Litaje tatizo kwa maneno ya mteja, eleza kilichofanyika, na uonyeshe mahali pa kuendelea. Jibu kama "Tunathamini maoni yako na tunajitahidi kukuhudumia vizuri zaidi" halimsaidii yeyote. Jibu lifuatalo lina uzito: "Ni kweli mfuniko ulioupokea haufungi; kundi hilo lilikuwa na kasoro na tumesimamisha mauzo yake. Tumekutumia mwingine bila malipo, na yeyote aliyepata wa namna hiyo atuandikie tumbadilishie." Bila shaka liandike tu ikiwa ni kweli. Usimwombe mteja afute alichokiandika. Tatizo likiisha, wengi hurudi wenyewe kuongeza maneno.

Sauti moja inapokuwa kubwa

Mwaka 2008 gitaa la mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, lilivunjika akiwa safarini na shirika la ndege la United. Alilalamika kwa takriban miezi tisa, akakataliwa fidia kwa kuwa hakuwasilisha dai lake ndani ya saa 24. Julai 2009 aliweka YouTube wimbo kuhusu mkasa huo, ukaenea haraka, na hapo ndipo shirika lilipotaka kumlipa. Wengi husimulia kisa hiki kama onyo kuhusu nguvu ya video, lakini mimi naona kiini chake ni ile miezi tisa ambayo kila mhudumu alifuata kanuni sawasawa na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuivuka. Kwa hiyo weka kiwango cha fedha ambacho mhudumu wa kawaida anaweza kukirudisha bila kuomba kibali, na umtaje kwa jina msimamizi atakayeamua siku hiyo hiyo madai yanayozidi kiwango hicho.

Ukikosea hadharani, rudi nyuma mapema. Oktoba 2010 kampuni ya mavazi ya Gap ilibadili nembo yake, wateja wakaipinga mtandaoni, na katika muda wa takriban wiki moja nembo ya zamani ikarudishwa.

Ruhusa, majukwaa na vipimo

Mnunuzi amepata pia uwezo wa kukuzuia usimfikie. Tangu Aprili 2021 simu za Apple huzitaka programu zimwombe mtumiaji kibali kabla ya kumfuatilia kwenye programu na tovuti za makampuni mengine, na tangu Februari 2024 Gmail huwataka wanaotuma barua pepe nyingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Tuma ujumbe kwa aliyeuomba, useme mapema utakuja mara ngapi, na mlango wa kutokea uwe rahisi kama wa kuingilia.

Hata hivyo, nguvu iliyotoka kwa chapa haikumfikia mnunuzi yote. Sehemu yake imebaki mikononi mwa majukwaa, yaani tovuti kama Amazon na Yelp, yanayopanga maoni yapi yaonekane juu, na jukwaa laweza kubadili mpangilio huo bila kumwuliza mteja wala muuzaji. Ndiyo maana inafaa uwe na tovuti yako mwenyewe na orodha ya wateja waliokubali kuandikiwa.

Kuhusu vipimo, idadi ya watu waliolitazama tangazo isichukue nafasi ya kwanza katika taarifa yako ya mwezi. Andika kwanza sehemu ya wateja walionunua tena, kisha idadi ya wateja wapya waliosema wameelekezwa na mtu mwingine, ambayo utaipata kwa kuwauliza swali moja wanapolipa, na mwisho malalamiko yaliyojirudia baada ya idara husika kusema yamekwisha kushughulikiwa.